Nyaraka za lugha za programu ndani ya teminali: pydoc, go doc, ri, perldoc au man?

Chukua mstari huu wa data: `Moshi,Arusha,,`. Majina mawili ya miji, kisha koma mbili zisizofuatwa na kitu. Ukiukata kwenye koma kwa Python au Go, unapata vipande vinne, viwili vya mwisho vikiwa vitupu. Ukiukata kwa Perl au Ruby bila kuongeza lolote, unapata viwili tu. Vile vitupu vya mwishoni vimetupwa kimyakimya. Jina la fankisheni ni `split` kote huko, ila kwenye Go huitwa `strings.Split`. Mtu anayehamisha programu ya kusoma faili za CSV kutoka lugha moja kwenda nyingine anaweza kupoteza safuwima mbili asione hata ujumbe mmoja wa hitilafu.

Jambo dogo kama hilo ni kipimo kizuri cha zana ya kusomea nyaraka. Kufungua kivinjari na kutafuta kila mtu anajua, lakini kivinjari kina gharama zake: bando, kibao cha kukubali vidakuzi, jibu la miaka kumi iliyopita lililopanda juu ya matokeo, na dakika zinazoyeyuka kwenye vichupo vingine. Lugha nyingi huja na zana yake ya mstari wa amri inayojibu palepale unapoandikia, mtandao uwepo usiwepo. Kinachotofautiana ni ukamilifu wa jibu. Hapa ninalinganisha pydoc ya Python, go doc ya Go, ri ya Ruby, perldoc ya Perl na man kwa wanaoandika C. Baadaye nitagusia cheat.sh na tldr, ambazo watu huzitaja pamoja na hizi ingawa kazi yake ni nyingine.

Maandishi yanatoka wapi

Cha kwanza kukitazama ni chanzo cha maandishi. Rangi na urembo vije baadaye.

pydoc huchota maelezo mafupi ambayo mwandishi wa msimbo ameyaweka mara baada ya jina la fankisheni au klasi, yaani docstringi. Ilitungwa na Ka-Ping Yee, ikaingia katika Python 2.1 mwaka 2001, na ndiyo inayofanya kazi nyuma ya pazia unapoandika `help(str.split)` ndani ya Python. Sasa, nyaraka rasmi za maktaba ya Python zilizoko mtandaoni ni maandishi mengine, yameandikwa kando na mara nyingi ni marefu zaidi. Kwa hiyo ukisoma pydoc hujasoma nyaraka za Python. Umesoma muhtasari wake. Wengi hawalijui hili, kisha wanalalamika kwamba nyaraka za Python ni chache.

go doc nayo huchota kutoka kwenye msimbo: ni ile komenti iliyokaa juu ya fankisheni. Tofauti ni kwamba kwa Go komenti hiyo ndiyo waraka wenyewe. Tovuti ya pkg.go.dev inaonyesha maneno yale yale, neno kwa neno. Waandishi wa maktaba ya Go wanajua hakuna mahali pengine pa kueleza, kwa hiyo wanaeleza hapo.

ri husoma maandishi yaliyochambuliwa kutoka kwenye komenti za msimbo wa Ruby wakati wa kusakinisha, yakahifadhiwa kwenye diski katika muundo wake. Kama uchambuzi huo haukufanyika, ri haina cha kukuonyesha. Nitarudi kwenye hili, maana ndilo linalowatoa watu wengi kwenye ri.

perldoc na man ni za ukoo mwingine. Hizi zinafungua miongozo iliyoandikwa ili isomwe na binadamu kuanzia juu hadi chini. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971, na mpangilio wake bado unautambua leo ukifungua ukurasa wowote wa man: jina, jinsi ya kuandika amri, maelezo, kasoro, tazama pia. Perl, iliyotoka mwaka 1987, ilirithi utamaduni huo na kuupanua hadi ikawa na mafunzo kamili ndani ya kifurushi chake.

Swali moja, majibu matano

Turudi kwenye mstari wetu wa Moshi na Arusha. Tuulize kila zana kuhusu kukata maandishi:

```
python3 -m pydoc str.split
go doc strings.Split
ri String#split
perldoc -f split
man 3 strtok
```

pydoc inajibu kwa aya chache. Inataja vigezo viwili, `sep` na `maxsplit`. Inasema usipotoa kitenganishi itakata kwenye nafasi za aina zote na kutupa vipande vitupu. Katika matoleo ya karibuni inaongeza kwamba kwa maandishi ya kawaida yenye alama za uandishi ni afadhali utumie moduli ya rejeksi, yaani ruwaza za kutafutia maandishi. Vizuri. Ila swali letu lilikuwa: nikitoa koma kama kitenganishi, vipande vitupu vitabaki? Hilo halijasemwa waziwazi. Inabidi ulikisie kutokana na kile kilichosemwa kuhusu nafasi. Nyaraka za mtandaoni zinalisema moja kwa moja, kwamba vitenganishi vinavyofuatana haviunganishwi. Huo ndio udhaifu wa pydoc kwa mfano mmoja.

go doc inatoa saini ya fankisheni (jina, vigezo na aina zake) juu kabisa, halafu sentensi fupifupi zenye uzito. Inakuambia itakuwaje kitenganishi kisipopatikana, itakuwaje kitenganishi kikiwa kitupu, itakuwaje vyote viwili vikiwa vitupu. Inakwambia ni sawa na kuita `SplitN` kwa hesabu ya -1, na kama unataka kukata pale kitenganishi kinapojitokeza mara ya kwanza tu, nenda `Cut`. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana: `Cut` iliingia Go 1.18, na wengi waliojifunza kabla ya hapo wangeendelea kuandika mistari mitatu ya `Index` bila kujua. Kuhusu koma zetu mbili za mwisho, go doc haitoi mfano, na hapa ndipo inapopungua: mifano inayoonekana pkg.go.dev haitokei kwenye teminali katika toleo ninalotumia. Lakini ukitilia shaka, andika `go doc -u -src strings.genSplit`, fankisheni ya ndani ambayo `Split` inaiita, na msimbo wenyewe unafunguka mbele yako. Msimbo wa maktaba ya Go unasomeka, na shaka inaisha papo hapo.

ri inatoa mifano mingi, kila mmoja na matokeo yake yameandikwa pembeni. Inaeleza kigezo cha `limit`: kikiwa sifuri, vipande vitupu vya mwishoni vinaachwa, kikiwa hasi, vinabaki. Jibu la swali letu lipo, na lina mfano.

perldoc ndiyo inayoshinda raundi hii, tena kwa mbali. `perldoc -f split` ni somo zima. Inaonyesha kwamba kukata `"a,b,c,,,"` kwenye koma kunatoa vitu vitatu, na kwamba ukiongeza -1 kama kikomo vinatoka sita. Inaeleza kwa nini nafasi moja iliyoandikwa kama stringi ina tabia yake ya pekee iliyochukuliwa kutoka awk, zana ya zamani ya Unix ya kuchakata maandishi. Inazungumzia hata mabano ndani ya rejeksi yanavyorudisha vitenganishi vyenyewe. Mtu akisema Perl imezeeka, sibishani naye, lakini sijaona nyaraka za teminali zinazofikia hizi.

man kwa upande wa C ni fupi na kali. Ukurasa wa `strtok` unakuonya kwamba fankisheni hii inaharibu stringi uliyoipa, kwamba huwezi kuipa stringi isiyobadilika, na kwamba si salama kwenye nyuzi nyingi, kwa hiyo tumia `strtok_r`. Pia, koma zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja, na kipande hakiwi kitupu kamwe. Ona: tabia ya tatu, tofauti na zote nne zilizotangulia. Na usisahau ile namba 3. `man printf` bila namba inakupeleka kwenye amri ya sheli. Ya C iko sehemu ya 3, na miito ya kernel iko sehemu ya 2.

Toleo lililoko kwenye mashine

Hapa ndipo zana hizi zote zinapoishinda tovuti yoyote ile. Tovuti inakuonyesha toleo jipya, au toleo ulilolibofya bila kukusudia. Zana ya teminali inakuonyesha kile kilichopo.

Mfano: `str.removeprefix` iliingia Python 3.9. Uko kwenye seva ya zamani yenye 3.8, umeingia kwa ssh, unataka kujua kama unaweza kuitumia. Andika `python3 -m pydoc str.removeprefix`. Ikikujibu kwamba hakuna waraka wa kitu hicho, jibu umelipata, na umelipata kabla programu haijaanguka saa nane usiku. Ndiyo maana napendelea kuandika `python3 -m pydoc` kwa urefu badala ya amri fupi ya `pydoc3`: ya kwanza inatumia Python ileile ya mazingira ya venv (folda ya maktaba za mradi mmoja) uliyoyawasha, wakati ya pili inaweza kuwa inazungumza kwa niaba ya Python ya mfumo, na maktaba ulizosakinisha kwenye venv haizioni.

Go imelitatua hili kwa usafi zaidi. Ukiwa ndani ya folda ya mradi, `go doc` inasoma toleo la maktaba lililoandikwa kwenye `go.mod`, faili inayoorodhesha maktaba za mradi huo. Mradi mmoja una toleo la kale, mwingine jipya, na kila mmoja unapata majibu yake bila wewe kugusa chochote. Na ukiandika `go doc` bila kitu ndani ya kifurushi chako mwenyewe, inakuonyesha nyaraka zako, au inakuumbua kwa kukuonyesha kwamba hukuandika.

Ina mtego mmoja. `go doc template.New` inakupa ya `html/template`, kwa kuwa alfabeti inaitanguliza mbele ya `text/template`. Kama ulikuwa unataka ya pili, itaje kwa jina kamili. Ukishalijua halikusumbui tena, ila mara ya kwanza linachanganya.

Jambo la hatari kuhusu pydoc

Hili linahitaji nafasi yake. Ili kukuonyesha nyaraka za moduli, pydoc huiingiza moduli hiyo, yaani inaiendesha. Msimbo wowote ulio wazi ngazi ya juu ya faili, nje ya fankisheni, utafanya kazi. Nyaraka za Python zenyewe zinasema hivyo, lakini nani husoma nyaraka za zana ya nyaraka?

Sasa fikiria una skripti iitwayo `safisha.py` inayofuta faili za muda, nawe hukuweka `if __name__ == "__main__":` kabla ya kazi yenyewe. Mwenzako anataka kujua inafanya nini kabla ya kuigusa, kwa hiyo kwa uangalifu wote anaandika `python3 -m pydoc safisha`. Imeshafuta.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilohilo. `python3 -m` inaiweka folda uliyomo mwanzo wa njia ya kutafutia moduli. Wanafunzi wanapenda kuita faili yao ya mazoezi `random.py` au `email.py`. Ukiwa kwenye folda hiyo ukaomba `python3 -m pydoc random`, utapata maelezo ya faili ya mwanafunzi, siyo ya maktaba, tena baada ya kuiendesha. go doc haina tabia hii. Inasoma maandishi ya msimbo bila kuuendesha. perldoc vilevile: inachambua POD, yaani maandishi ya nyaraka yaliyomo kwenye faili ya Perl, na kuishia hapo. Kwa msimbo usioujua ulikotoka, hii pekee inatosha kukufanya uuache pydoc pembeni, ufungue faili kwa `less` na kuisoma kwa macho.

Usipojua jina la unachokitafuta

Zana zote hizi zina udhaifu unaofanana: zinajibu vizuri ukishajua jina. Unayetaka "namna ya kugeuza orodha" bila kujua inaitwaje, utahangaika.

man ina `man -k`, ambayo hutafuta neno kwenye majina na maelezo ya mstari mmoja ya kurasa zote. Inasaidia, ingawa inaweza kukumwagia mvua ya matokeo. pydoc ina `-k` pia, ila inatafuta kwenye mstari wa muhtasari wa moduli tu, siyo ndani ya kila fankisheni, na ni ya polepole. perldoc ina `-q`, ambayo ni ya kipekee: inatafuta kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara. `perldoc -q duplicate` inakuletea swali la kuondoa vitu vinavyojirudia kwenye orodha, na jibu lake lote. go doc haina utafutaji wa namna hiyo, kwa hiyo watu hutumia `go doc -all strings | grep -i trim`, nayo inatosha. ri ina hali ya mazungumzo, `ri -i`, ambapo kitufe cha Tab kinakukamilishia majina. Na ukiandika `ri split` tu bila kutaja klasi, inakuonyesha kila mahali jina hilo lilipo.

Hapa ndipo cheat.sh inapoingia. Ni huduma ya mtandaoni iliyoanzishwa na Igor Chubin, na huhitaji kusakinisha chochote zaidi ya curl, amri ya kuvuta kurasa za mtandao:

```
curl cht.sh/python/reverse+a+list
```

Inarudisha kipande cha msimbo chenye maelezo kama komenti, tayari kunakiliwa. Unaweza kuuliza kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza na ikakuelewa kiasi. Kwa aliye na bando dogo ni nafuu, kwa kuwa yanayokuja ni maandishi matupu. Lakini kumbuka chanzo: majibu mengi yametoka Stack Overflow na karatasi za dondoo za watu mbalimbali. Hayajui una toleo gani, na hayana wajibu wa kulijua. Halafu swali lako linasafiri hadi seva ya mtu mwingine, kwa hiyo usiandike humo jina la mteja wala kipande cha msimbo wa ofisini. Mimi naitumia kupata jina, kisha naenda kulithibitisha kwa zana ya lugha husika. Utaratibu huohuo unawafaa wanaouliza akili mnemba: ikikupa fankisheni usiyoifahamu, pydoc au go doc itakuambia kwa sekunde moja kama ipo kweli.

tldr, inayotoa mifano mifupi ya kutumia amri, ni nzuri sana kwa amri za mfumo, `tldr tar` kwa mfano. Kwa lugha za programu haina la kusema, basi tuiache hapo.

Unapofungua ukakuta patupu

Zana ya nje ya mtandao ina faida kama tu maandishi yalisakinishwa. Na mara nyingi hayakusakinishwa.

Kwenye Debian na Ubuntu, perldoc ipo kwa jina tu. Ukiiita inakuomba usakinishe kifurushi cha `perl-doc`. Kurasa za man za C ziko kwenye `manpages-dev`, nacho si lazima kiwepo. Picha za Ubuntu zilizopunguzwa kwa ajili ya kontena na wingu hukujibu kwamba mfumo umepunguzwa na kukuelekeza kwenye amri ya `unminimize`. Picha za Debian zenye jina la slim zimeondolewa kurasa za man makusudi ili ziwe ndogo.

ri ndiyo inayoumia zaidi. Mafunzo mengi ya kusakinisha Ruby yanakushauri uweke `--no-document` ili gem, yaani vifurushi vya Ruby, zisakinishwe haraka. Haraka unaipata, miezi baadaye unauliza ri kuhusu gem hiyo inakujibu kwamba haijui lolote kuihusu. Kwa gem, `gem rdoc --all --ri` inaweza kuyarudisha. Kwa Ruby yenyewe inategemea ulivyoijenga. Pia kama unatumia zsh, majina yenye alama ya kuuliza yawekee nukuu, `ri 'String#empty?'`, la sivyo sheli itadhani unatafuta faili na kukukatalia.

pydoc na go doc ziko salama upande huu, kwa sababu maelezo yanakaa ndani ya msimbo ule ule unaoendeshwa au kujengwa. Palipo na Python, kwa kawaida pana docstringi zake. Palipo na Go, pana msimbo wa maktaba yake. Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya kontena au seva asizozisakinisha yeye, uhakika huo una uzito kuliko utajiri wa perldoc isiyokuwepo.

Kwetu uhakika huo si wa nadharia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ilisuasua. Aliyekuwa na nyaraka kwenye diski aliendelea kuandika. Aliyezoea kutafuta kila kitu mtandaoni alikaa akitazama duara likizunguka. Hata bila nyaya kukatika, yapo mabasi ya Dodoma, zipo shule zenye kompyuta zisizo na intaneti, na upo mwisho wa mwezi.

Lugha zisizo na zana ya kulinganisha

Waandishi wa JavaScript, poleni. Node haiji na zana ya kusomea nyaraka za lugha. Amri ya `man node` inaeleza vigezo vya kuiwashia tu, na `npm docs` inafungua kivinjari. Njia inayofanya kazi ni DevDocs, ambayo inakuruhusu kupakua nyaraka na kuzisoma ndani ya kivinjari bila mtandao, au Zeal, programu ya mezani yenye lengo hilohilo.

PHP ina `php --rf str_split`, inayotaja vigezo na aina zake bila neno la maelezo. Java ina `javap java.lang.String`, nayo ni hivyohivyo: saini za methodi, basi. Zinasaidia ukiwa umesahau mpangilio wa vigezo.

Rust imechukua njia yake. `rustup doc` inafungua nyaraka kamili kwenye kivinjari kutoka kwenye diski, pamoja na kitabu cha kujifunzia lugha, mradi hukusakinisha kwa wasifu wa minimal, ambao unaziacha nje. Ndani ya teminali kuna kitu kimoja ambacho ningependa lugha zote zikiige: `rustc --explain E0382`. Kikusanyaji (compiler) kikikukatalia msimbo kinakupa namba ya kosa, nawe unaipeleka kwenye amri hiyo na kupata maelezo ya kosa, mfano wa msimbo mbovu, na namna ya kuutengeneza.

Uchague ipi

Lugha kwa kawaida umeshachaguliwa na kazi, kwa hiyo uamuzi halisi ni kiasi gani uitegemee zana iliyokuja nayo.

Ukiandika Go, itegemee go doc kwa kila kitu na usiwe na wasiwasi. Ndiyo iliyosanifiwa vizuri kuliko zote hapa: haiendeshi msimbo, inajua toleo lako, na maneno yake ndiyo ya tovuti. Kuanzia Go 1.25 kuna hata `go doc -http`, inayokufungulia nyaraka hizohizo kwenye kivinjari kutoka mashine yako. Tatizo dogo ni kwamba inamwaga maandishi yote bila kusimama, kwa hiyo yapitishe kwenye `less`.

Ukiandika Perl, sakinisha `perl-doc` kabla ya kitu kingine chochote. Hata asiyeandika Perl, akitaka kuzielewa rejeksi kwa kina, `perldoc perlretut` ni somo linalojitosheleza.

Ukiandika C, huna hiari; man ndiyo njia, na inatosha. Jizoeze kusoma sehemu za chini za ukurasa, zile za kasoro na tahadhari, maana ndiko waandishi wanakosema ukweli wote.

Ukiandika Ruby, ri ni tajiri ikiwa imejazwa. Kagua leo kwa `ri String#split`. Ikikujibu, iache ilivyo. Isipokujibu, pima kama una muda wa kuijenga upya, vinginevyo `irb`, dirisha la kujaribia Ruby, na majaribio ya mkono yatakufikisha.

Ukiandika Python, tumia pydoc kukumbushia, siyo kujifunzia. Kuna sehemu ina zaidi ya unavyotarajia: `python3 -m pydoc time.strftime` inaorodhesha alama za tarehe, `%Y`, `%m`, `%d` na wenzake, ambazo hakuna anayezikumbuka zote, lakini `datetime.datetime.strptime` ukiiuliza inakupa mstari mmoja tu. Maneno ya lugha yenyewe nayo yamo: jaribu `python3 -m pydoc for`. Kwa yale yanayohitaji undani, pakua nyaraka kamili za Python mara moja ukiwa na mtandao mzuri na uziweke kwenye diski.

Na mwalimu mwenye maabara isiyo na intaneti ana sababu nyingine ya kuipenda pydoc. Tangu Python 3.7 unaweza kuandika hivi kwenye mashine moja:

```
python3 -m pydoc -n 0.0.0.0 -p 8000
```

Wanafunzi wote waliounganishwa kwenye swichi au ruta ya darasa watasoma nyaraka za maktaba kupitia kivinjari chao, kwa anwani ya mashine hiyo na bandari 8000. Fanya hivyo kwenye mtandao wa ndani pekee, na kwa Python ya karibuni: mwaka 2021 iligundulika kwamba seva hii ya pydoc ilikuwa na kipengele kilichomruhusu aliyeifikia kusoma faili nyingine za kwenye diski, nacho kikaondolewa. Iwashe kutoka kwenye folda tupu pia, isije ikawaonyesha, na kuendesha, skripti zako za kusahihishia mitihani.